Saa Nane ya Seva

Kwanza niwaambie ukweli, wadogo zangu: sijafika umri wa kustaafu. Nina miaka arobaini na saba, na mwanamume wa umri huo akijiita mstaafu pale kwetu Unyambwa watu wanamtazama mara mbili. Ila kazi yenyewe ilistaafu kabla yangu. Mashine nilizokuwa nazihudumia zilihamishiwa Dar es Salaam, kwenye jengo ambalo sijawahi kuliona, na vyumba vilivyokuwa vyake huku sasa vinawekwa magunia ya alizeti. Tangu hapo natembea tu. Nimenunua asali Itigi nikaiuza Singida, nimekaa Kiomboi msimu mzima nikitengeneza simu, nimerudi nyumbani, nimeondoka tena. Mke wangu anasema angejua angeolewa na mchunga ng'ombe, maana yeye angalau jioni hurudi.

Ninyi mlioko chuoni mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunasasisha seva zilizo mbali, bila mtu yeyote kukaa mbele yake. Nilipokubali mlidhani nafurahia kukumbuka. Nafurahia kweli, kwa sehemu. Ipo sehemu nyingine ambayo nimeibeba muda mrefu, na nataka muisome kabla hamjapewa funguo za mashine ya mtu.

Mimi ni wa kidato cha nne. Sikuingia chuo chochote cha kompyuta. Nilianza kwa kuchapia watu barua kwenye steshenari mjini Singida, na kwa kuwa printa ya pale ilikuwa inakorofisha kila siku, nikajikuta najua kufungua mashine kuliko kuchapa. Ndipo Mzee Kitundu akanichukua. Alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda, mfupi, mwenye hasira za haraka, aliyeanzia kazi kwenye simu za reli huko Manyoni, enzi za kuzungusha mkono. Kompyuta alijifundisha mwenyewe ukubwani. Alikuwa anavaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuonea mbali, na akiwa ameudhika anavaa yote kwa pamoja.

Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la spea za pikipiki. Tulikuwa na seva tisa za kutunza, zilizotawanyika mkoa mzima: maghala ya mazao, shule, vituo vya afya. Seva, kwa msomaji asiyejua, ni kompyuta tu isiyolala, ambayo kompyuta nyingine za ofisi zinaitegemea. Ikizima, ofisi nzima inabaki inatazamana.

Programu za seva zinahitaji marekebisho kila mara. Waliozitunga wanagundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, wanaliziba, wanatoa toleo jipya, na wewe unapaswa kulipakua na kulisimika. Siku hizi ninyi mnabonyeza mahali pamoja, mashine mia zinajisasisha huko mawinguni. Sisi tulikuwa tunaingia kwenye mashine moja moja kwa mtandao, kwenye skrini nyeusi, tunaandika amri kwa mkono, huku tukiomba mtandao usikatike.

Na ulikuwa unakatika. Mwezi wangu wa kwanza nilianza kusasisha seva ya Itigi, katikati ya kazi mtandao ukaondoka, na kwa sababu amri ilikuwa inaendeshwa kutoka kwenye kompyuta yangu, kazi ikafa pale pale. Nusu ya programu mpya, nusu ya zamani. Haikuwaka tena.

Mzee Kitundu akavaa miwani yote miwili. "Ntandu, umemwacha mtu wa watu amevaa suruali mguu mmoja."

"Mtandao ulikatika, mzee."

"Mtandao wa Itigi lini haukukatika? Kwani wewe mgeni wa nchi hii?"

Akanifundisha kufungua kwanza chumba ndani ya mashine ya mbali, chumba kinachoendelea kuishi hata wewe ukitoka, kisha amri uiandikie humo. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea kule kule. Ukirudi unafungua chumba unakuta imeisha. Kitu kidogo hivyo. Nilisafiri hadi Itigi kuivalisha ile mashine mguu wa pili, na mlinzi wa ghala akanitambulisha kwa wote kuwa ndiye fundi aliyeua kompyuta.

Kosa langu la pili lilikuwa la maswali. Unapobadilisha programu, kuna wakati mashine inasimama na kuuliza: faili hili la mipangilio ulilirekebisha mwenyewe, je, nilibakishe lako au niweke jipya? Kama upo, unajibu. Sasa mimi niliacha seva ya shule moja ijisasishe yenyewe, nikaenda zangu msibani. Niliporudi siku ya tatu nikakuta imesimama kwenye swali. Siku tatu nzima inasubiri herufi moja, kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wote wameenda shamba.

"Mashine ukiiacha peke yake," mzee aliniambia, "uiachie na majibu. Kila itakachouliza, uwe umeshajibu." Na zipo namna za kufanya hivyo, unaiambia mapema, ukikuta faili la zamani libakishe, ukikuta swali chukua jibu la kawaida, usimsubiri mtu. Mengi ya kazi ya kusasisha bila mtu ni hayo: kukaa na kufikiria kila swali ambalo mashine itauliza wewe ukiwa hupo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lile swali nililolijibu vibaya.

Tulipoamua seva zote tisa zijisasishe zenyewe kila wiki, swali la mwisho kwenye faili la mipangilio lilikuwa hili: sasisho likihitaji mashine ijizime na kujiwasha upya, ifanye hivyo saa ngapi? Si kila sasisho linahitaji hivyo. Mengi yanapita kimya. Lakini mara moja moja, pengine kila baada ya mwezi au miezi miwili, linakuja sasisho la moyo wa mashine, na hapo lazima izime.

Tukakubaliana saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Mashine nane tulizifanya pamoja, mimi nasoma, yeye anaandika. Ya tisa ilikuwa ya kituo kimoja cha afya upande wa Manyoni, jina lake naliacha. Mzee alikuwa ameshuka kununua vocha. Nikajisemea, haya, saa nane, nikaandika: 08:00.

Wenye macho mmeshaona. Kompyuta inaanza kuhesabu siku katikati ya usiku. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Saa nane yetu ya usiku, yeye anaiandika 02:00. Hiyo 08:00 niliyoandika ni saa mbili asubuhi. Hesabu hiyo ya kutoa sita na kuongeza sita nilikuwa naifanya kila siku ya kazi, hata usingizini ningeifanya. Siku ile kinywa kilisema nane na vidole vikafuata kinywa. Baadaye nilifungua lile faili mara kadhaa kwa shughuli nyingine, nikaona 08:00, nikasoma "saa nane," nikaridhika. Tafadhali mlielewe hilo. Niliona kosa langu kwa macho yangu na likanipendeza.

Karani wa masijala pale kituoni aliitwa Damari. Mgogo wa Kintinku, amenizidi miaka michache, kwa hiyo nilimwita dada. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa dirishani, kutafuta namba za mafaili yao kwenye kompyuta na kuwaelekeza chumba. Alikuwa wa mkataba, unaohuishwa kila mwaka, na alikuwa akisubiri kuhuishwa kwa mara ya tatu. Baada ya hapo, alivyoahidiwa, wangempeleka kwenye ajira ya kudumu. Hayo aliniambia mwenyewe siku nilipofunga mashine ile, akinionyesha jinsi alivyoipangusa meza.

Akanipigia simu asubuhi moja.

"Kaka fundi, mashine yako imelala."

"Imelalaje, dada?"

"Imezima, imewaka, sasa inaandika maandishi meupe tu. Nina watu hapa mpaka uwanjani, leo ni kliniki ya watoto."

"Kuna kitu kingine umechomeka kwenye UPS?" UPS ni lile sanduku la betri linaloshika umeme ukikatika.

"Birika langu la chai."

"Basi ndilo hilo. Birika la umeme linakula moto mwingi, betri inazidiwa, inakata. Chomoa."

Akachomoa. Baada ya nusu saa mashine ikarudi, maana ilikuwa ya zamani na huchukua muda kujikagua, nami nikajisifu ofisini kwamba nimeponya kwa simu.

Wiki kadhaa zikapita. Akapiga tena.

"Imelala tena, kaka."

"Umechomeka tena."

"Sijachomeka! Birika liko nyumbani."

"Sawa dada," nikasema, kwa ile sauti ya kumwambia mtu kwamba humwamini ila huna muda.

Ya tatu hakupiga yeye. Alipiga mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akasema wagonjwa wamemtukana karani, karani amelia, na anataka fundi afike kwa miguu yake aseme ni nini, kwa maandishi. Nikaenda.

Chumba chenyewe mnakijua, vipo vingi: dirisha lenye nondo, meza, mashine chini ya meza, kalenda, rafu ya mafaili ya karatasi ya zamani. Tulikuwa wanne: mimi, Damari, mganga mfawidhi na muuguzi mmoja mcheshi aliyekuja kusikiliza ubishi. Damari akatoa daftari la shule. Alikuwa ameandika kila siku mashine ilipozima.

"Soma mwenyewe," akasema. "Saa mbili kamili. Hii nayo saa mbili kamili. Na hii. Nakuwa nimefungua redio ndogo, taarifa ya saa mbili inaanza, mashine inazima. Mimi chai nakunywa nikipata nafasi. Siku nyingine saa tatu, siku nyingine sinywi. Birika langu lina saa?"

Muuguzi akacheka. "Labda linasikiliza taarifa."

Mganga mfawidhi akanigeukia. "Fundi, huwa inajizima yenyewe?"

"Inajisasisha yenyewe," nikasema, "na ikihitaji inajizima. Lakini hiyo tumeipanga saa nane, watu wamelala."

Damari akaniangalia. Hakuwa amesoma kompyuta zaidi ya kufundishwa wapi pa kubonyeza. Akauliza, taratibu kabisa, "Saa nane ipi?"

Wadogo zangu, lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mtu pekee chumbani aliyekuwa na akili siku ile alikuwa ameliuliza, kwa maneno matatu. Na mimi nikacheka.

"Saa nane ni saa nane, dada. Kompyuta haina saa ya Kigogo."

Mnajua utani wetu sisi Wanyaturu na Wagogo. Muuguzi akapiga makofi, mganga mfawidhi akatabasamu. Damari naye hakukosa jibu, utani anaujua.

"Basi labda ina ya Kinyaturu."

Wakacheka zaidi, na kicheko hicho kikamalizia swali lake. Nadhani nalo lilinichoma kidogo, kuchekwa mbele ya mkuu wa kituo. Sijui. Najua tu kwamba kumbukumbu za mashine, ambamo kila kuzima kumeandikwa na saa yake na sababu yake, sikuzifungua. Zingenichukua dakika mbili. Nilikuwa na uhakika, na gari la kurudi lilikuwa linaondoka. Nikainama chini ya meza, nikaona alama ya maji yaliyomwagika kwenye UPS, nikaichukulia kama ushahidi. Nikaandika ripoti pale pale mezani kwake: chanzo cha hitilafu ni mtumiaji kuchomeka birika la umeme kwenye UPS licha ya kuonywa. Nikasaini. Mganga mfawidhi akagonga mhuri.

Damari alisoma juu ya bega langu. Alisema tu, "Haya, kaka."

Mkataba wake haukuhuishwa.

Nafasi yake alichukua mama mmoja kutoka Manyoni mjini, ambaye chai alikuwa anakunywa ya chupa. Mwezi wake wa pili kazini akapiga simu: mashine imezima saa mbili kamili, kuna watu mpaka uwanjani.

Sikumwuliza habari ya birika. Niliingia kwenye ile seva kutoka Singida, nikafungua kumbukumbu, na zikaniambia mara moja, bila kunificha chochote, kwamba mashine imejizima yenyewe kwa amri ya mpango wa sasisho, 08:00. Nikarudi nyuma. Siku zile zile za daftari la Damari. 08:00. 08:00. Birika lingekata umeme ghafla, na kumbukumbu zingeonyesha hivyo. Hizi zilionyesha kuzima kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Nikafungua faili la mipangilio. Mara hii niliisoma ile namba kama inavyoisoma mashine.

Nikafuta nane, nikaandika mbili. Tarakimu moja. Nikapiga simu kituoni nikasema nimerekebisha, haitarudia. Na kweli haikurudia. Mganga mfawidhi aliandika barua ya kuishukuru kampuni kwa fundi hodari, meneja wetu akaibandika ukutani, na mimi nikawa nafanya kazi chini ya barua hiyo.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Mzee Kitundu alisikiliza mpaka mwisho bila kuvaa miwani yoyote.

"Namba umebadilisha?"

"Nimebadilisha, mzee."

"Na ile karatasi?"

"Karatasi iko kwenye faili lao."

"Aha," akasema. Akarudi kwenye kazi yake. Hakuniuliza tena, na mpaka alipoacha kazi akarudi Kinampanda kulima, kila alipokuwa ananipa mashine mpya alikuwa anakaa nyuma yangu nikiandika saa. Alikuwa amekaa tu.

Mngeniuliza kwa nini sikusema, majibu ninayo mengi, na wakati ule niliyaona mazuri. Kwamba mkataba ungeisha hata hivyo. Kwamba kampuni ingepoteza kazi, na wenzangu walikuwa na watoto. Kwamba yule mama mpya naye ana haki ya kazi. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya. Mashine nilizisasisha kila wiki, miaka kumi na zaidi, na karatasi moja niliiacha ilivyo.

Mashine zilipohamishwa nikaanza kutembea, nikagundua kwamba nazunguka mkoa mzima ila Kintinku sishuki. Napita. Mwaka huu, baada ya barua yenu ya kuniomba niwaandikie mambo ya ufundi, nilikaa kuandika nikashindwa kupita ukurasa wa kwanza. Kila ushauri niliotaka kuwapa ulikuwa na Damari ndani yake. Nikaacha daftari, nikaandika barua nyingine kwanza. Nikaipeleka kituoni. Mganga mfawidhi sasa ni mwingine, dada wa umri wenu, hatujui sisi wote. Aliisoma mara mbili, akaagiza faili la zamani litafutwe, likapatikana. Akagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili, moja akaiweka humo juu ya ripoti yangu, nyingine akanirudishia. Kesho yake nikashuka Kintinku.

Kupata nyumba haikuwa shida. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani na mama yake mzazi, wanabambua karanga. Amenenepa kidogo, nywele zina mvi mbele. Alinijua kabla sijajitambulisha.

"Fundi! Umepotea njia?"

"Sikupotea, dada. Nimekuja kwako."

"Mashine gani iko hapa ya kuijia?" akacheka, akanisogezea kigoda.

Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba akaendelea na karanga zake. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote, nikasema tu kwamba lile la mashine kuzima halikuwa birika, ilikuwa ni saa, na aliyeiandika vibaya ni mimi.

Mikono yake haikusimama. Ganda kulia, karanga kushoto.

"Kwa hiyo ilikuwa ni saa."

"Ilikuwa ni saa, dada."

"Saa nane yenu."

"Yangu. Mzee wangu hakuwepo."

"Na ulijua lini?"

Hapo ningeweza kusema mwaka huu. Hakuna ambaye angejua.

"Mwezi wa pili baada ya wewe kuondoka."

Mikono ikasimama. "Mwezi wa pili," akasema. Aliangalia mbele, kwenye njia. "Mwezi wa pili yule mama alikuwa bado kwenye majaribio. Walinipigia, unajua? Muuguzi yule mcheshi alinipigia akasema, Damari, mashine imezima tena na wewe hupo, njoo uombe, watakurudisha. Nikafunga kitenge niende. Halafu akapiga tena, akasema fundi ametengeneza, amesema haitarudia. Nikajua basi. Nikasema pengine kweli kuna kitu nilikiharibu, kikawa kinaendelea kuharibika mpaka fundi alipokitoa."

Sikuwa najua hilo. Miaka yote niliyojipa sababu, hilo sikuwa najua.

"Miaka mingapi nimefikiri ni mimi," akasema, na hakuwa ananiambia mimi.

Nikatoa barua. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaisoma polepole, akaangalia mhuri, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine. Nilikuwa nasubiri anitukane, na naona ningepumua. Badala yake akanirudishia.

"Msomee mama."

"Nimsomee?"

"Hasomi. Msomee. Yeye ndiye aliyenipeleka kuomba radhi."

Mama akainua kichwa. Damari akamweleza kwa Kigogo, maneno machache, na yule mama akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu wa kuangaliwa. Kisha akaongea kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Nilimpeleka mimi. Alikuwa anabisha, anasema hakuchomeka kitu. Nikamwambia mkubwa hasingizii mtu kwa karatasi yenye mhuri. Nikakamata jogoo, tukaenda kwa yule mganga mpaka ofisini kwake. Nikamwambia piga magoti. Akapiga magoti huyu, mtu mzima ana watoto, akasema ni kweli, nilichomeka, nisamehe. Jogoo wakamchukua. Kazi hawakumpa." Akaielekezea barua kidole. "Soma."

Nikasoma. Mimi Hamisi Ntandu, fundi wa zamani, nakiri kwamba ripoti niliyoiandika na kuisaini kuhusu kuzima kwa mashine ya masijala haikuwa ya kweli. Mashine ilikuwa inazima kwa sababu ya saa niliyoiandika kimakosa mwenyewe. Karani hakuhusika kwa namna yoyote, na alichosema siku ile kilikuwa sahihi chote. Nililigundua kosa, nikalirekebisha kwenye mashine, nikanyamaza kuhusu yeye. Nikasoma mpaka kwenye saini.

Jirani mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alikuwa amesimama. Damari hakumfukuza. Yule mama alikuwa ameacha karanga kabisa, mikono imelala mapajani, kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Rudia pale mwanzo," akasema. "Pale ulipotaja ni nani."

Nikarudia.

"Kwa nguvu. Yule pale hajasikia."

Nikasimama, nikarudia kwa sauti, jina langu na la baba yangu.